Njia ya Pembe Iliishia Connecticut

Connecticut ni jimbo la tatu kwa udogo nchini Marekani. Pwani yake inatazamana na kisiwa cha Long Island, na mwenye gari anaweza kuipita yote, kutoka mpaka wa New York upande wa magharibi hadi mpaka wa Rhode Island upande wa mashariki, na bado akabakiwa na mchana wa kutosha. Watembezi humiminika New Haven kuyaona majengo ya Chuo Kikuu cha Yale, kisha Mystic kuiona Charles W. Morgan, merikebu ya kuvulia nyangumi iliyoundwa mwaka 1841. Baina ya miji hiyo miwili Mto Connecticut unaingia baharini, na ukipanda na mto mwendo mfupi tu unakutana na Essex, Ivoryton na Deep River. Ni vijiji vya nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyeupe, makanisa yenye minara myembamba na gati za mashua za starehe, na wengi huvipita wakivisifu kwa utulivu wake. Dai la makala haya ni kwamba kwa msomaji wa Kiswahili hapa ndipo pa kusimamisha gari. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora, ikateremka Bagamoyo na kuvuka hadi Unguja haikuishia forodhani. Iliishia kwenye vijiji hivi, na historia ya pembe za ndovu inayokomea Unguja ni nusu ya historia, tena ni ile nusu inayomwacha mnunuzi bila kuulizwa lolote.

Mambo yalianza kidogokidogo. Mwishoni mwa karne ya 18, Phineas Pratt, fundi wa eneo hilo, alibuni mashine ya kukata meno ya vitana vya pembe, kazi ambayo hapo awali ilifanywa kwa msumeno wa mkono na kwa subira kubwa. Mazingira yalimsaidia. Vijito vinavyoshuka kuingia mtoni vilitoa nguvu ya kuzungusha mashine, mto wenyewe ulipitisha vyombo, na New York haikuwa mbali. Viwanda vikazaliana. Pembe ikawa vitana, mipini ya visu, vijiti vya kusafishia meno, na kadiri karne ya 19 ilivyosonga mbele, vibonye vya piano. Mwaka 1863 makampuni matatu yaliungana kuwa Pratt, Read & Co., yenye kiwanda chake Deep River. Jirani na hapo, Samuel Comstock alishirikiana na George Cheney, mtu aliyekuwa amekaa Unguja akinunua pembe, wakaanzisha Comstock, Cheney & Co. Kijiji kilichokua kuzunguka kiwanda chao ndicho kilichoitwa Ivoryton, jina linalotokana na pembe yenyewe. Makampuni haya mawili yalikuja kutawala utengenezaji wa vibonye vya pembe kwa ajili ya piano za Marekani.

Pembe ilifikaje huko? Mwaka 1833, miaka sita kabla ya Waingereza, Wamarekani walitia saini mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said, na mwaka 1837 konseli wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja. Hakuchelewa kuelewana na Jairam Shivji, aliyekuwa amekodi forodha ya Sultani. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kile kilichovaliwa hadi barani kwa jina la merikani, zikarudi na pembe, gundi ya sandarusi, ngozi na karafuu. Biashara haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, iliingia bandari ya New York chini ya Ahmad bin Na'aman ikiwa imepakia bidhaa za Unguja, pembe zikiwemo. Baadaye nafasi ya Salem ilichukuliwa na nyumba za biashara za New York kama Arnold, Cheney & Co., zilizoweka mawakala wao Unguja moja kwa moja. Viwanda vya Connecticut vilitaka hasa pembe ya Afrika Mashariki, kwa kuwa ni laini kuliko ile ngumu ya Afrika Magharibi. Inakatika bila kupasuka na inachukua weupe vizuri.

Kazi yenyewe kiwandani inaeleza ukubwa wa haja hiyo. Pembe ilikatwa vipande, kisha ikapasuliwa kwa misumeno midogo mpaka ikawa vibati vyembamba. Vibati hivyo vilipaushwa kwa dawa, vikapangwa ndani ya nyumba ndefu za vioo na kuachwa juani kwa wiki nyingi hadi umanjano uondoke. Piano ina vibonye 88, na 52 kati yake ni vyeupe. Pembe nzuri ya ratili 75, yaani kilo 34 hivi, ilitosha takriban piano 45. Hesabu hiyo yaweza kusikika kama ubahili mzuri, mpaka mtu akumbuke kwamba kufikia muongo wa kwanza wa karne ya 20 Marekani ilikuwa ikitengeneza zaidi ya piano 300,000 kwa mwaka. Piano ilikuwa imetoka katika majumba ya matajiri na kuingia sebuleni kwa karani na mwenye duka. Haja ya sebule hizo ndiyo iliyovuta misafara.

Hapa ndipo hoja inapopata uzito wake. Tumezoea kusimulia habari za pembe kuanzia kwa muuzaji. Tunamtaja Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, tunataja bunduki zake Manyema na nyumba yake Mji Mkongwe, kana kwamba tamaa ya mtu mmoja na wenzake ndiyo iliyofungua njia ya kwenda ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lakini mwanahistoria Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu uchumi wa Zanzibar, alionyesha jambo la kutazamwa kwa makini: katika karne ya 19 bei ya pembe ilikuwa ikipanda, huku bidhaa za viwandani zilizobadilishwa nayo, nguo zikiwa mbele, zikipungua bei. Mfanyabiashara wa Unguja alijikuta kila mwaka akipata nguo nyingi zaidi kwa pembe ileile. Ndovu walipomalizika karibu na pwani, ilimlipa kwenda Unyamwezi. Walipopungua huko, ilimlipa kwenda Ujiji, kisha Manyema. Taria Topan, mkopeshaji wa Unguja, alimkopesha Tippu Tip mali ya safari kwa sababu alijua pembe itanunuliwa, na alijua hivyo kwa sababu wakala wa Mmarekani alikuwa mtaa wa pili. Msukumo ulitoka sokoni, na sehemu kubwa ya soko hilo ilikuwa na anwani ya Connecticut.

Mtu anaweza kupinga kwamba hili ni kutwisha vijiji viwili mzigo wa dunia nzima. Bombay ilinunua pembe kwa ajili ya bangili za maharusi tangu zamani sana kabla ya Marekani kuwa nchi. London ilikuwa na minada yake, na Ulaya ilikuwa na mafundi wake wa piano na wa mipira ya biliadi. Pingamizi hili ni la kweli kwa kiasi chake, na anayesema kwamba Connecticut peke yake ilimaliza ndovu anatia chumvi. Lakini haja ya bangili ilikuwa ya kale na haielezi kwa nini biashara ilibadilika ghafla katika karne ya 19. Kilichoongezeka ni viwanda vya nchi za Magharibi, na miongoni mwa viwanda hivyo ni vichache vilivyoitegemea pembe hii laini kama vile vya bonde la Mto Connecticut. Bombay na London zilikuwa na biashara nyingine elfu. Deep River na Ivoryton zilijengwa juu ya pembe, na kodi, mishahara na majumba yao yalitoka humo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linatoka kwa wanahistoria wenyewe. Picha ya mtumwa aliyefungwa minyororo akibeba pembe moja begani hadi pwani imeenea katika vitabu vya wamisionari na katika vijitabu vya watalii, lakini si picha kamili. Utafiti wa Stephen Rockel kuhusu wapagazi umeweka wazi kwamba wengi waliobeba mizigo ya misafara ya njia ya kati, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Walikuwa na desturi zao za kazi, waligoma walipodhulumiwa, na kijana aliyewahi kufika pwani alirudi kwao na heshima. Kuwageuza wote kuwa watumwa ni kuwanyang'anya kazi yao wenyewe. Hata hivyo, uhuru wa mpagazi wa Tabora haufuti yaliyotendeka mbele zaidi. Manyema pembe mara nyingi haikununuliwa kwa nguo. Ilichukuliwa kwa bunduki, vijiji vikachomwa, na watu wakatekwa ili wakombolewe kwa pembe au wauzwe. Kadiri mnunuzi alivyolipa zaidi, ndivyo umbali ulivyoongezeka, na kadiri umbali ulivyoongezeka, ndivyo biashara ilivyoelekea kwenye nchi ambako hapakuwa na wa kumzuia mwenye bunduki. Tofauti hiyo yafaa itunzwe: upagazi ulikuwa ajira, na ukusanyaji wa pembe huko mwisho mara nyingi ulikuwa uporaji.

Pingamizi la tatu ni lile ambalo wenyeji wa Connecticut wangelileta kwanza. Wao walikuwa maadui wa utumwa. Mwaka 1839 Wamende, Waafrika waliotiwa utumwani ambao walikuwa wameiteka merikebu iliyowabeba, Amistad, walifikishwa New London, wakafungwa New Haven, na watu wa jimbo hili wakawatafutia mawakili mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipowapa uhuru wao mwaka 1841. Deep River kwenyewe, George Read, mmoja wa wakubwa wa biashara ya pembe, alikuwa shemasi na mpinga utumwa. Mtu aliyetoroka utumwa kusini, Daniel Fisher, alipata hifadhi mjini hapo na kuishi kwa jina la William Winters. Haya yote ni kweli, na si ya kubezwa, ingawa ni vyema pia kukumbuka kwamba Connecticut yenyewe ilifuta utumwa kabisa mwaka 1848 tu. Lakini badala ya kuivunja hoja, habari za Read zinaikamilisha. Zinaonyesha kwamba biashara ya namna hii haihitaji watu wabaya. Inahitaji mlolongo mrefu wa mikono, kila mmoja ukimjua jirani yake tu. Shemasi alimwona mtoro mlangoni pake akamfungulia. Pembe ilimfikia imepita kwa mwindaji, mtemi, mfanyabiashara wa Tabora, mkopeshaji wa Unguja, wakala na nahodha, na ilipoletwa kiwandani ilikuwa na uzito na bei tu. Wala haiwezekani kusema kwamba hakuna aliyejua. Ernst Moore, aliyekuwa wakala wa Arnold, Cheney & Co. Unguja kuanzia mwaka 1907, alichapisha kitabu mwaka 1931 ambacho jina lake linaiita pembe janga la Afrika. Shahidi huyo alitoka ndani ya nyumba.

Lipo na la mwisho: je, kumleta mnunuzi kizimbani si kumtoa muuzaji? Hapana, kwa sababu lawama haigawanywi kama urithi, mmoja akipata zaidi mwingine akapungukiwa. Tippu Tip anabaki na yake, na Sultani aliyetoza ushuru kwa kila frasila anabaki na yake. Kinachobadilika ni maelezo ya sababu. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba misafara ilitokana na tabia ya kabila fulani au dini fulani hufundishwa chuki kwa jina la historia. Anayefundishwa kwamba ilitokana na bei, mkopo, mtindo wa sebule na kiwanda huelewa pia kwa nini baada ya kufungwa soko la watumwa Unguja mwaka 1873 pembe ziliendelea kusafirishwa, na kwa nini vibonye vya pembe viliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1950, muda mrefu baada ya makampuni yale mawili kuungana mwaka 1936 na plastiki kuanza kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo safari ya Connecticut inafaa ipangwe kwa mfuatano wenye maana. Mgeni aanze New Haven, kwenye mnara wa ukumbusho wa Amistad mbele ya ofisi za jiji, aone jinsi jimbo linavyojivunia haki lililoitetea hadharani. Aende Essex, mji unaokumbuka kila mwaka jinsi Waingereza walivyochoma merikebu zake mwaka 1814, na aingie katika jumba la makumbusho la mto lililo gatini. Kisha afike Ivoryton, ambako ukumbi wa michezo ya kuigiza unaosifika leo ulijengwa mwaka 1911 kwa starehe ya wafanyakazi wa Comstock, Cheney, na amalizie Deep River, ambako kiwanda kikubwa cha matofali cha Pratt, Read kimegeuzwa makazi ya watu. Bagamoyo kuna nyumba ya misafara iliyohifadhiwa, na Unguja kuna kanisa kuu lililojengwa mahali pa soko la watumwa. Pwani yetu imekubali kuonyesha yaliyotendeka kwake, japo kwa shida na mara nyingine kwa kutia chumvi. Haki inadai upande wa pili usomwe kwa jicho hilohilo, na mtalaa wa historia unaomtaja Tippu Tip pasipo kumtaja Comstock ni mtalaa uliokatwa katikati. Kuukamilisha hakuhitaji kumbukumbu mpya wala tume. Kunahitaji mwalimu aongeze mstari mmoja kwenye ramani ya misafara, kutoka Unguja hadi mlango wa Mto Connecticut.