Kufuata Elimu ya Dini Ng'ambo: Habari za Pwani ya Kusini

Mkristo wa Diani au wa Msambweni anayeazimia leo kuomba nafasi katika chuo cha Biblia cha ng'ambo huenda akaambiwa na jirani zake kwamba anazua jambo geni. Kumbe nchi hii, tangu enzi za masharifu wa asili ya Hadhramaut waliokaa Vumba na Wasini, imezoea kuipokea elimu ya dini kutoka baharini na kuwatoa watoto wake waifuate iliko. Wadigo, ambao katika Mijikenda ndio walioingia Uislamu kwa wingi, hasa tangu miongo ya mwisho ya karne ya 19, waliwapeleka vijana waliokwisha kuhitimu Kurani wakakae mbele ya masheikh wa Mombasa na Unguja, na hata Lamu, ambako Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, aliufanya Msikiti wa Riyadha kuwa maskani ya wanafunzi wa kila kabila. Safari hiyo ilikuwa shauri la ukoo: baba alinena, mwalimu alinena, na kwa watu waliofuata urithi wa upande wa mama, mjomba naye hakuachwa nyuma.

Amma upande wa Biblia, habari yake ni chungu zaidi, nami naona haisimuliwi ya kutosha. Baadhi ya watu wa mwanzo wa Afrika ya Mashariki waliosoma elimu hiyo ng'ambo hawakuomba nafasi yoyote. Walikuwa watoto waliotekwa bara, wakashushwa pwani, wakapakiwa majahazini kama bidhaa, hata manowari za Waingereza zilipoyakamata majahazi yale zikawafikisha Bombay; na baadhi yao wakalelewa na misheni ya Kianglikana ya CMS huko Nasik, India, wakafunzwa kazi za mikono pamoja na Maandiko. Na mkataba wa Waingereza na Unguja wa mwaka 1873 ulipoifunga njia ya bahari, misafara ya watumwa ilipita nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, ikikanyaga ardhi hii hii ya Vanga na Gazi, mpaka Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipoipiga marufuku nayo mwaka 1876.

Kati ya vijana wa Nasik walikuwamo William Jones na Ishmael Semler, walioletwa Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1864 kumsaidia mmisionari Rebmann, naye amekwisha kuchoka kwa upweke. Wakafundisha na kuhubiri miaka mingi kabla ya Askofu Hannington kuwapa ushemasi mwaka 1885. Mwaka huo huo Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyeurudisha pwani msafara uliosalia. Kisha watoro wa utumwa walipokimbilia Rabai, aliwapokea bila kujali ghadhabu ya mabwana zao, hata Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki ikalazimika kuwalipia fidia, nao wakapewa hati za uhuru tarehe 1 Januari 1889. Kwangu mimi, tendo hili linaithibitisha elimu ya Jones kuliko cheti chochote. Vivyo hivyo Cecil Majaliwa, mtumwa aliyekombolewa, alisoma Canterbury, Uingereza, akapewa ukasisi Unguja mwaka 1890, na kazi yake akaifanya bara kusini, miongoni mwa Wayao wenzake.

Hatimaye elimu hiyo ikapatikana nyumbani: mwaka 1903 chuo cha makasisi kilifunguliwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, na kwa muda mwana wa pwani aliweza kusomea utumishi akisikia lugha yake mwenyewe. Lakini mwaka 1930 chuo kilihamishiwa Limuru, kwenye baridi na mashamba ya chai, ambako leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's.

Basi kijana wa Kwale aandike barua yake bila hofu, maana ana hiari waliyonyimwa wale wa Nasik. Ila kabla ya kuipeleka, wazazi na wazee wa kanisa waketi naye, wamuulize atarudi kumfundisha nani na kwa lugha gani, na ataishije kwa heshima na ndugu zake Waislamu ambao chakula na misiba yao ni yake pia. Na akikubaliwa, wasimwachie nauli na karo aombe kwa wageni. Wachange wao wenyewe, ili arudipo ajue ni watu gani wanaomdai huduma.