Mugambi

Mugambi (wingi: agambi) ni neno la Kimeru lenye maana ya msemaji na pia mwamuzi, na ni jina la wanaume wengi katika kaunti ya Meru. Maana hizo mbili zilikwenda pamoja. Katika Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye makao yake Nchiru, Tigania, aliyejua kuipanga hoja ikaeleweka ndiye aliyesikilizwa.

Ustadi huo ungali unahitajika Githongo, Imenti ya Kati, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Mkulima wa chai wa huko haguswi na maneno kama "tuzingatie viwango vya ubora", kwa sababu ubora hauna rangi wala harufu. Mwambie hivi: chuma majani mawili na chipukizi, usiyashindilie guniani, maana yatashika joto, na jioni utamimina majani mekundu. Hapo analiona gunia lake mwenyewe.

Methali hufanya kazi hiyohiyo ya kuchora picha kwa ufupi zaidi, mradi zisirundikwe.

Mfano mkubwa kabisa nchini Kenya wa neno linalochora picha ni "Harambee", mwito wa watu wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja, ambao Jomo Kenyatta aliufanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963. Neno moja tu, na msikilizaji tayari ameshika kamba. Kenyatta alilitamka kwa sauti nzito, akatua, na umati ukaitikia: "Hee!"