Habari Anayopeleka Ndama Tumboni

  

Kila mfugaji anajua jambo hili. Ng'ombe aliyepandwa, akitaka dume tena baada ya siku 21 hivi, hakushika mimba. Hasara ni ya mwenyewe: hana ndama, hana maziwa. Siku hizo zikipita kimya, hutumaini. Lakini mwili wa ng'ombe unajuaje kwamba una mimba, nayo ingali changa hivyo? Wataalamu walitafuta jibu kwa miaka 60 na zaidi.

Yai likitoka katika kokwa ya mayai, mahali pake huota tezi ndogo ya manjano. Tezi hiyo hutia katika damu homoni iitwayo projesteroni. Homoni ni mjumbe: hutoka kiungo kimoja na kupeleka amri kwa kingine. Projesteroni huutuliza mji wa mimba, kitoto kipate kukaa. Tezi ikifa, kitoto hakina makao.

Mwaka 1923, huko Marekani, Bwana Leo Loeb aliondoa mji wa mimba wa wanyama wadogo wa jamii ya panya. Akaona tezi yao ya manjano inaishi zaidi ya kawaida. Mwaka 1956 jambo lilo hilo lilionekana kwa ng'ombe na kondoo. Basi ikajulikana kwamba amri ya kuiua tezi hutoka katika mji wa mimba wenyewe.

Mjumbe wa amri hiyo ni nani? Jina lake lilikuwapo tangu mwaka 1935, alipopewa na Bwana Ulf von Euler wa Sweden: prostaglandini. Lakini mpaka miaka ya 1970 ndipo ilipohakikishwa kwamba ndiyo inayoiua tezi.

Likabaki swali moja. Ndama huizuiaje amri hiyo? Yapata siku ya 16, kitoto hurefuka kama uzi, nacho hutoa protini yake. Mwaka 1987 wataalamu waligundua kwamba protini hiyo ni ya ukoo wa intaferoni, zile zinazoukinga mwili na virusi. Protini hiyo hugusa ukuta wa mji wa mimba, na prostaglandini haitumwi kuiua tezi. Ni kama kubisha hodi na kusema, "Mimi nimo." Kitoto kikichelewa au kikiwa dhaifu, habari haifiki, na mimba hupotea.

Elimu hii ina faida. Sindano ya prostaglandini huwafanya ng'ombe wengi watake dume kwa wakati mmoja. Lakini tahadhari! Ng'ombe mwenye mimba changa akidungwa, aweza kuitupa. Kwa hiyo mwite kwanza bwana mifugo ampime.

Sasa jibuni katika madaftari yenu: Ni nani anayeilinda tezi ya manjano, mama au ndama?