Kiti cha Kinyozi: Waitalia wa East Harlem na Kumbukumbu za Mtaa

Historia za miji mikubwa aghalabu huanza na majumba ya serikali, viwanda na makanisa. Duka la kinyozi ni nadra kutajwa. Hata hivyo, katika mtaa wa East Harlem, mjini New York, duka hilo ni ushahidi mzuri wa namna watu walivyohama, walivyosema na walivyokumbuka. Waitalia waliokulia huko hulitaja kwa majonzi: harufu ya sabuni na marashi, kiti kizito cha kuzunguka, ukanda wa ngozi wa kunolea wembe, na mazungumzo yasiyokwisha. Kumbukumbu hizo ni za kweli, lakini zina upungufu mmoja mkubwa. Huanza pale Mwitalia alipokwisha kuushika wembe, na kuishia pale alipouweka chini.

Katika karne ya 19, kazi ya kuwanyoa Wazungu katika miji mingi ya Marekani ilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Wamarekani Weusi, watumwa na watu huru. Wazungu wengi waliidharau kwa kuwa waliiona ni utumishi. Weusi wakaifanya mtaji. Alonzo Herndon, aliyezaliwa utumwani mwaka 1858, alimiliki duka la fahari la kinyozi mjini Atlanta, na mwaka 1905 akaanzisha kampuni ya bima iliyokuja kuitwa Atlanta Life. Lakini kuanzia miongo ya mwisho ya karne hiyo, wahamiaji kutoka Ujerumani, na baadaye Italia, waliingia katika kazi hiyo wakiwa tayari kunyoa kwa bei nafuu. Ubaguzi wa rangi uliozidi siku zile uliongezea nguvu ushindani huo, na katika miji ya Kaskazini vinyozi Weusi wakapoteza wateja wao Wazungu.

Baina ya mwaka 1880 na 1920, Waitalia wapatao milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao kutoka kusini mwa nchi yao. Huko walikotoka, kinyozi hakuwa mnyoaji tu. Aling'oa meno, akaumika wagonjwa, na mara nyingi alikuwa mpigaji wa gitaa au mandolini. Wembe ni chombo chepesi kuvuka nacho bahari, na ustadi wake hauhitaji Kiingereza kingi. Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya vinyozi wa New York walikuwa Waitalia. Haikuwa kazi ya raha, kama kumbukumbu zinavyoweza kumfanya mtu adhani. Mwaka 1913 vinyozi walioajiriwa mjini humo waligoma, wakidai saa chache za kazi na ujira bora.

Kwa mwanaisimu, duka hilo lina umuhimu wa pekee. Tullio De Mauro alikadiria kwamba Italia ilipoungana mwaka 1861, waliojua Kiitalia sanifu hawakuzidi asilimia 2.5 ya watu wote. Wahamiaji, basi, walifika na lahaja zao: za Sicilia, Napoli, Calabria na kwingineko. Kwenye benchi la kinyozi watu wa lahaja mbalimbali walilazimika kuelewana, na maneno ya Kiingereza yakasaidia kuziba mapengo. Hayo nayo yalitiwa irabu mwishoni ili yakae vizuri mdomoni: giobba kwa maana ya kazi, bosso kwa maana ya bosi, storo kwa maana ya duka. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa, maana lugha yake hufanya vivyo hivyo. Leonard Covello, mkuu wa Benjamin Franklin High School iliyokuwa East Harlem, kuanzia 1934 hadi 1956, alipigania sana Kiitalia kifundishwe shuleni. Lakini Kiitalia cha shule kilikuwa ni kile sanifu. Hiki cha kwa kinyozi hakikuwa na mwalimu wala kitabu, na duka lilipofungwa kilipoteza mojawapo ya makao yake.

Mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Wembe wenye kinga wa King C. Gillette, ulioanza kuuzwa mwaka 1903 na kugawiwa askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, uliwazoeza wanaume kujinyoa ndevu nyumbani. Katika miaka ya 1960 vijana wakaanza kufuga nywele ndefu. Wakati huohuo mtaa wenyewe ulikuwa ukibadilika. Watu wa Puerto Rico, waliokuwa raia wa Marekani tangu 1917, walihamia kwa wingi baada ya 1945. Serikali ikabomoa nyumba kuukuu ili kujenga majengo makubwa ya kupangisha, na maduka mengi madogo yakaenda pamoja nazo. Waitalia wakahamia Bronx, Queens na Long Island. Kihispania kikashika nafasi ya lahaja za Kiitalia, na mtaa ukajulikana kwa jina la El Barrio.

Majonzi ya wazee yana haki yake, lakini hudhuru yanapogeuka kuwa madai kwamba mtaa "uliharibiwa" na wageni. Huyo anayeitwa mgeni alikuja kwa sababu zilezile zilizomleta Mwitalia, naye Mwitalia aliikuta kazi hii ikiwa na wenyewe. Mtafiti anayekusanya masimulizi ya mitaa hana budi kuyasikiliza na kuyahifadhi kwa heshima, pamoja na lahaja na maneno yake ya mkopo, maana wasemaji wanakwisha. Lakini zaidi ya kuuliza nani aliondoka, aulize pia nani alikuwapo kabla yake, na nani amekuja baadaye. Bila maswali hayo mawili, Herndon na wenzake wanatoweka katika historia ya kazi waliyoijenga, na mtoto wa Puerto Rico aliyezaliwa East Harlem anabaki mgeni katika mtaa wake mwenyewe.