Ndimi Zinazochekwa: Historia ya Matamshi ya Kiingereza katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mtaa wa Kariokor, ulio mashariki kidogo ya kitovu cha Nairobi, ulipata jina lake vinywani mwa watu waliotwikwa mizigo ya jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia serikali ya kikoloni iliunda Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na chini ya usimamizi wa Oscar Watkins wanaume wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, hasa katika msako mkubwa wa 1917, ili wabebe chakula na risasi za majeshi yaliyokuwa yakiwafukuza Wajerumani kutoka nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Jina la kikosi hicho limebaki katika miji miwili, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Anayedai kwamba wapagazi waliliharibu hajalisikiliza vizuri, kwa maana Waingereza wenyewe, ambao sehemu ya pili ya jina hilo waliitoa Ufaransa, huandika p na s mwishoni lakini hawazitamki. Mpagazi alilishika neno jinsi lilivyotoka kinywani mwa afisa, akalipanga kwa irabu za lugha yake, na jina likaingia kwenye ramani za serikali likiwa hivyo hivyo.

Nusu karne baadaye, katika mitaa iyo hiyo, mtoto aliyetamka neno la Kiingereza kwa irabu na konsonanti za lugha yake alichekwa na darasa zima, na huenda alichapwa. Kati ya nyakati hizo mbili Kiingereza kiliacha kuwa hazina ya maneno ambayo kila mtu angeweza kuchota alichohitaji, kikawa kipimo cha kumtenga mtu na mwenzake, na badiliko hilo lina tarehe zake, sheria zake na majengo yake.

Majengo ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, yanastahili kutangulia. Pumwani ilipimwa na baraza la mji mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili iwe makao rasmi ya Waafrika, na vijiji vya zamani vilivyoizunguka vikavunjwa kimoja baada ya kingine, cha mwisho kikiwa Pangani, kilichobomolewa 1939, wakazi wake wakielekezwa Shauri Moyo. Shirika la reli liliwajengea wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Ziwani, Starehe na Kaloleni zikafuata katika miaka ya 1940. Kisha, katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa 1952 kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, na baada yake, zikaja Bahati, Maringo, Jericho, Jerusalem, na pia Mbotela na Ofafa, mitaa iliyopewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi wawili waliouawa katika ghasia za kipindi hicho. Vyumba vingi vilikusudiwa wanaume wasio na familia, na kwa kuwa vilitolewa kwa kufuata mwajiri, Mjaluo wa karakana ya reli aliweza kujikuta akichangia ukuta mmoja na Mluhya, Mkamba au Mgiriama. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha uani na bombani, ilhali Kiingereza kilibaki cha ofisini na karakanani, na maneno yake yalifika mtaani kwa njia ya sikio: stesheni, spana, bulangeti, geti, shati, kabati, na stima, neno lililoanza kama jina la meli ya mvuke, na ambalo kwa Mkenya limekuwa umeme wenyewe. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililotamkwa kama London, na hakukuwa na sababu ya kulitamka hivyo, kwa sababu aliyelitumia alikuwa akizungumza na jirani yake.

Matamshi yanayochekwa yana mantiki ambayo wachekaji hawaijui. Kila lugha huchagua sauti chache kutoka wingi wa sauti ambazo kinywa cha binadamu kinaweza kuzitoa, na mtu mzima anayejifunza lugha ngeni husikia sauti zake kupitia zile alizokwisha kuzizoea. Kikuyu hakitofautishi l na r, kwani kina sauti moja tu ya jamii hiyo. Kikamba kina l lakini hakina r. Kwa hiyo neno la Kiingereza lenye maana ya mchele huweza kusikika kama neno lenye maana ya chawa, na mzaha uliojengwa juu ya jambo hilo umeshachosha vizazi vitatu. Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina sh wala z, na samaki wa Kiingereza akitamkwa na Mjaluo huishia kwa s. Katika Kibukusu, ambacho ni lahaja ya Kiluhya, b, d na g hutokea tu zinapotanguliwa na king'ong'o, na lugha za Kikalenjin hazipambanui p na b kama fonimu mbili, yaani kama sauti mbili zenye uwezo wa kubadilisha maana ya neno. Hizi ni sheria, na anayezifuata anafuata utaratibu ulio kamili kama utaratibu wowote wa Oxford. Tena ndimi hizo hizo zina utajiri ambao hausifiwi: Mkikuyu hutamka dh ya Kiingereza bila jasho, kwa kuwa imo katika lugha yake, wakati Mfaransa na Mjerumani huihangaikia miaka nenda miaka rudi, na hakuna mtu Nairobi aliyewahi kumcheka Mfaransa kwa sababu hiyo.

Shule ndiyo iliyoleta aibu. Hapo awali sera ya ukoloni, iliyoathiriwa na tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki 1924, ilitaka mtoto aanze kwa lugha ya kwao, na Kiingereza kije katika madarasa ya juu kwa wachache waliofika huko. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 shule zilizokuwa zikiendeshwa na Wakikuyu wenyewe zilifungwa au kuwekwa chini ya serikali, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi Limuru wakati huo, ameeleza katika kitabu chake cha 1986 kuhusu kuikomboa akili jinsi mtoto aliyepatikana akisema Kikuyu alivyochapwa au kuvishwa bamba la chuma lenye maneno ya kumdhalilisha. Bamba hilo, ambalo mahali pengine lilikuwa kibao au mfupa, na ambalo wanafunzi wa Kenya wamelijua kwa jina la diski, lilipitishwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, kila mmoja akimvizia mwenzake ateleze ili amvishe yeye. Wazazi wao walikuwa wamewahi kuvaa kitu kama hicho. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa vita vilipokwisha, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na kipande, cheti cha kazi na alama za vidole kilichotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni, na kipande hicho kilichukiwa hadi kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni vigumu kuamini kwamba shule zilizotundika chuma shingoni mwa mtoto hazikuwa zimejifunza kitu kutoka kwa serikali iliyokitundika shingoni mwa baba yake.

Tangu 1957 mpango ulioitwa New Primary Approach, yaani njia mpya ya kufundisha shule ya msingi, ulijaribu Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, mwanzo katika shule za Waasia jijini Nairobi, kisha ukasambaa kwa kasi katika shule za Waafrika. Na Tume ya Ominde ya 1964, tume ya elimu ya kwanza baada ya uhuru, iliubariki mwelekeo huo. Wazazi wa Eastlands waliuunga mkono kwa sababu zinazoeleweka. Kazi za ukarani, benki na serikali zilizokuwa za Wazungu na Wahindi zilikuwa zikifunguliwa kwa Waafrika, mlango wake ulikuwa Kiingereza, na hata Katiba ya uhuru ilimtaka mgombea ubunge awe na ujuzi wa kutosha wa lugha hiyo, kiasi kwamba Kiswahili hakikusikika rasmi Bungeni hadi Rais Kenyatta alipoamuru hivyo 1974. Mzazi wa Jericho aliyemkataza mwanawe lugha ya nyumbani hakuwa mtumwa wa fikra, kama anavyoshutumiwa siku hizi kwa urahisi mno. Alikuwa amesoma soko la kazi vizuri kuliko wanaomshutumu.

Lakini mtihani wa taifa haukuwahi kumpima mtoto jinsi anavyotamka. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa wa kalamu, na hata leo, katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa kidato cha nne, stadi za mazungumzo huulizwa kwa maandishi, mtahiniwa akitakiwa kuandika neno linalosikika kama jingine au kuonyesha herufi isiyotamkwa. Matamshi yaliachiwa uwanja wa michezo, ukumbi wa burudani na kituo cha matatu, na huko mtahini alikuwa kicheko. Kitenzi cha kushrabu, kinachomaanisha kusema Kiingereza kwa lafudhi ya lugha ya mama, hakihukumu sarufi wala msamiati. Mtu aweza kuandika Kiingereza safi kabisa akaambiwa anashrabu. Kinachotajwa ni kabila, na pamoja na kabila ni tuhuma kwamba mhusika ni wa ushago, yaani kijijini, kwamba amefika mjini juzi. Katika jiji ambalo Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni wa Aprili 1954, ilikuwa imewachambua wakazi kwa makabila, ikawapeleka maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru vizuizini, kulitaja kabila la mtu kwa kuuiga ulimi wake hakujawahi kuwa mchezo mtupu.

Watoto waliozaliwa mitaani humo walijitafutia kimbilio. Kuhusu mwanzo wa Sheng, lugha ya vijana iliyojengwa juu ya sarufi ya Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza na ya lugha nyingine za Kenya, wataalamu wametofautiana: Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, walioandika 1997, waliihusisha na Eastlands ya miaka ya 1970, naye Alamin Mazrui alirudisha mizizi yake nyuma hadi miaka ya 1930. Lisilobishaniwa ni namna inavyokitendea Kiingereza. Mama na baba ni mathe na fathe. Chombo cha kupakulia chakula kimezaa kitenzi cha kudishi, yaani kula. Na mtaa mzima hujiita Eastlando. Katika Sheng hakuna njia ya kulikosea neno la Kiingereza, kwa sababu limekwisha kuhamia upande wa mtamkaji, kama lilivyohamia mikononi mwa wapagazi, na mtoto wa Mkamba na wa Mjaluo hulitamka sawasawa. Hata hivyo kimbilio hilo nalo lilijenga ua wake, kwani aliyetoka ushago bila Sheng alichekwa mara mbili, kwa Kiingereza chake na kwa Kiswahili chake.

Kicheko kilipata pia jukwaa la taifa. Katika Vitimbi, mchezo wa televisheni ya serikali uliopendwa kwa miongo, mhusika Mzee Ojwang' alizungumza kwa lafudhi nzito ya Kijaluo, na watazamaji wengi walishangaa kufahamu kwamba mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Uigizaji wake ulikuwa na upendo, na Mzee Ojwang' hakuwa mjinga. Lakini waliomfuata, katika vichekesho vya jukwaani vilivyoenea tangu miaka ya 2000, mara nyingi walibaki na lafudhi wakamwacha mtu.

Pamoja na matamshi, walimu wamelalamikia matumizi ya maneno ya Kiingereza. Mkenya huita hoteli mahali pa kula ugali na maharage, pasipo na kitanda hata kimoja. Humwambia abiria mwenzake kwenye matatu, kwa Kiingereza, ajirefushe, akimaanisha asogee. Na hulirudia neno la polepole katika Kiingereza kama linavyorudiwa katika Kiswahili. Kasoro hizi si za namna moja. Hoteli ya mama wa soko la Gikomba ni maana mpya ambayo nchi nzima inaielewa, na kuisahihisha ni kupoteza wino. Barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa kama mazungumzo ya matatu inamwumiza mwandishi wake, na mwalimu anayeikosoa anamsaidia. Walimu wengi wamekosoa yote mawili kwa ukali mmoja, na wanafunzi, wasioona tofauti, wamechagua kunyamaza.

Muziki ulifanya yale ambayo shule haikuyafanya. Kundi la Kalamashaka, la mtaa wa Dandora, lilirap kwa Kiswahili cha mtaani mwishoni mwa miaka ya 1990, studio ya Calif Records ikauzalisha mtindo wa muziki wa genge katika mtaa wa California mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 2002 wanamuziki Gidi Gidi Maji Maji walikichukua kitenzi cha Dholuo chenye maana ya kutisha, wakakivisha kiambishi awali na kiambishi tamati vya Kiingereza, na neno lililopatikana likaimbwa katika mikutano ya kampeni iliyokiondoa chama cha KANU madarakani. Wakati huo huo, upande wa pili wa jiji, mababi, kama vijana wa matajiri wanavyoitwa, walikuwa wakishutumiwa kwa kutweng, yaani kuiga lafudhi ya Marekani puani, na vituo vya simu vilivyofunguliwa Nairobi katikati ya muongo huo viliwafunza waajiriwa kuificha Kenya katika sauti zao ili mteja wa ng'ambo asiitambue.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote Januari 2019, unaelekeza kwamba katika gredi tatu za kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule. Katika mitaa ya Kayole, Umoja na Dandora lugha hiyo ni Sheng pamoja na Kiswahili kinachokaribiana nayo, lakini Sheng haina kitabu cha kiada na sera haiitaji, basi shule nyingi huanza moja kwa moja kwa Kiingereza. Mwalimu anayekifundisha angeweza kumwonyesha mtoto wa Kikamba, kwa nusu saa, mahali pa kuuweka ulimi ili r itoke, kama angekuwa amefundishwa chuoni kwamba lugha ya mtoto huyo haina sauti hiyo.