Mshahara wa kaunti umekwama? Chama kinaweza kufanya hivi

Mfanyakazi wa kaunti nchini Kenya anaijua hii: Hazina Kuu haijatuma mgao, mwezi umeisha, mshahara bado. Lakini kuna kibaya zaidi. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa NSSF na mkopo, kumbe pesa hazikufika. Ghafla jina lako liko CRB, na si wewe uliyekosa kulipa.

Hapo ndipo chama kina makali. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mwajiri akikata bila kuwasilisha ametenda kosa: faini hadi Sh100,000, jela hadi miaka 2, au vyote viwili.

Mgomo? Upatanishi kwanza, ukishindikana notisi ya maandishi ya siku 7. Na hati zako usitupe, ndizo ushahidi.