Chapati ya kujaza na mbaazi za Karatu

Wilaya ya Karatu inalima ngano, inalima mbaazi, na vitunguu vya Mang'ola vinajulikana hadi masoko ya Nairobi. Lakini ukiketi kwa mama lishe yeyote kandokando ya barabara ya kwenda lango la Ngorongoro, utaletewa chapati tupu na chai au maharage. Katika nyumba za Wagujarati, chapati hujazwa mbaazi zilizopondwa pamoja na sukari guru. Wapunjabi nao huijaza viazi, kotimiri na pilipili mbichi. Iliyozoeleka huku ni ile isiyo na kitu ndani, na ukitaka kujua kwa nini itabidi uanzie kwenye reli.

Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, na elfu chache wakabaki. Upande wa Tanganyika, reli ya Wajerumani ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Arusha ilisubiri hadi 1929, Waingereza wakiwa wameshashika nchi. Treni ilipofika, wenye maduka nao walifika, wengi wao wakiwa na asili ya Gujarat na Kachchh, na kutoka Arusha maduka yakasogea hadi kwenye vituo vidogo vya nyanda za juu. Humo ndimo wakulima na wafugaji walimonunua chumvi, vitambaa, mafuta ya taa na unga mweupe.

Nadhani chapati tupu ilisambaa kwa sababu ilikuwa chakula cha njiani. Inataka unga, maji, chumvi, mafuta kidogo na chuma cha moto, na mwanamume aliye mbali na kwao anaweza kuipika kando ya gereji au kambini. Ya kujaza ilikuwa kazi ya mama nyumbani. Mbaazi zake hukobolewa na kupasuliwa kwanza, kisha huchemshwa hadi zivurugike. Kazi hiyo ilifanyika jikoni nyuma ya duka, ambako mteja hakuingia. Zanzibar mambo yalikwenda vingine: pale Forodhani wapishi hukunjia nyama ya kusaga na mayai ndani ya unga uliotandazwa mbele ya watu wote, na kila mpita njia hujionea jinsi inavyofanywa.

Ngano yenyewe ilistawi Karatu kupitia walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na katika miaka iliyofuata baadhi yao walifungua mashamba ya kahawa na ngano kwenye miteremko ya Oldeani. Vita ya pili ilipozuka mwaka 1939 walikamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya serikali. Lakini sura ninayoithamini zaidi ni ya Wairaqw wenyewe. Walipohamia kaskazini kutoka milima ya Mbulu kutafuta ardhi, baadhi yao walianza kulima ngano kwa matrekta ya kukodi, hata katikati ya miaka ya 1970 mtafiti Philip Raikes akaandika juu ya kilimo chao kama mfano wa ubepari unaokua kijijini. Watu ambao babu zao walilima mtama na kufuga ng'ombe walikuwa wakivuna ngano kwa mashine, na chapati ikapata nafasi kwenye meza ya sikukuu.

Huko juu hifadhini hali ilikuwa nyingine. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliundwa mwaka 1959, Wamasai wakiruhusiwa kuishi humo na mifugo yao. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, halafu kikakatazwa upya. Kwa hiyo unga unaoliwa kwenye baridi ya ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hupandishwa kutoka chini. Barabara ya lami kutoka Makuyuni, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliurahisisha sana usafiri huo.

Mbaazi ndizo zinazonigusa zaidi. Asili yake ni India, zikafika Afrika Mashariki zamani sana kabla ya reli, na leo Karatu na Babati ni kati ya maeneo yanayozilima kwa wingi, mara nyingi zikichanganywa na mahindi shambani. Kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, kilishirikiana na watafiti wa kimataifa kutoa mbegu zinazostahimili mnyauko, mojawapo ikiitwa Mali. Zao likapanda, na karibu macho yote yakaelekezwa kwenye soko la India. Kisha, Agosti 2017, India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Bei ikaporomoka, na wakulima waliokuwa wameshavuna wakabaki na magunia ndani. Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, lakini mkulima alikuwa ameshaona jinsi uamuzi wa Delhi unavyoweza kumaliza ada ya shule ya mtoto wake.

Ndiyo maana natamani ile chapati ya Kigujarati iingie majikoni mwa Karatu. Loweka mbaazi usiku kucha, uzisugue hadi maganda yatoke, uzichemshe hadi zilainike kabisa, kisha umwage maji yote. Rudisha sufuria motoni na sukari guru iliyokatwakatwa, uwe unakoroga mpaka mchanganyiko ukauke na mwiko usimame wenyewe. Tia iliki iliyotwangwa. Wengi huharibu hapa kwa haraka, maana mbaazi zenye majimaji zitapasua chapati. Unga ukande laini kuliko wa chapati ya kawaida, uufunike nusu saa. Tandaza donge dogo kiganjani, weka katikati donge la mbaazi linalokaribiana nalo kwa ukubwa, kusanya kingo juu na uzibane. Nyunyiza unga kibaoni, sukuma kwa mkono mwepesi ukianzia katikati, na uoke kwenye chuma kikavu kabla ya kupaka samli. Kwa anayependa ya chumvi, badala ya mbaazi tamu weka viazi vilivyopondwa, kitunguu cha Mang'ola kilichokatwa vidogo sana, bizari nyembamba, kotimiri na pilipili. Kitunguu kikamue maji kwanza. Mbaazi zilizobaki zikipoa vizuri hukaa hadi kesho yake, zikisubiri chai ya asubuhi kabla watoto hawajaenda shule.